Sari tushone, lakini orodha ya vyombo tuikatae



Sisi ni wifi wawili, Wapemba, tunauza vitambaa na kushona nguo Biharamulo, mkoa wa Kagera. Huu ni mwaka wetu wa tisa huku. Mmoja wetu alimaliza kidato cha nne, akasomea ushonaji, kisha akaolewa na kaka wa mwenziwe, na hapo ndipo uwifi ulipoanza. Tunakula chungu kimoja na bado hatujatiliana sumu kwenye chai, ingawa kwa tamthilia za Kihindi tungekuwa tumeshamalizana zamani.

Kwa wasiojua huku, ukitoka Mwanza unavuka Busisi, unapita Sengerema na Geita, unaendelea mpaka umefika. Mara mbili kwa mwezi tunafunga mabegi tunakwenda Ngara, wilaya ya jirani, kwa njia ya Lusahunga na Nyakahura, ile iliyokuwa na majambazi mpaka mabasi yakisindikizwa na polisi. Siku hizi ni malori tu yanayokwenda mipakani, Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi. Wenyeji wanatuita Waarabu. Tumeshachoka kuwaeleza. Kwao anayeuza kitambaa nyuma ya kaunta ni Mwarabu au Mhindi, na sisi weusi kama wao tumepewa kundi la kwanza.

Tunataka kuzungumza juu ya Wahindi. Si hao wa Kariakoo wanaotuuzia majora, hao tumeshazoeana, bei tunagombana na chai tunakunywa pamoja. Tunawakusudia Wahindi wa kwenye televisheni, maana hao ndio wanaotuletea wateja.

Dukani tuna televisheni ndogo ukutani. Ikifika saa moja usiku, tamthilia ya Kihindi iliyotiwa Kiswahili ikianza, cherehani zinanyamaza zenyewe. Muuza ndizi anaingia, mke wa fundi baiskeli anaingia, wasichana wa skuli wanasimama mlangoni. Yuko bibi mmoja hapa mtaani hamjui diwani wake kwa jina, lakini wale watu wa kwenye tamthilia anawajua wote, nani mkwe wa nani na nani kabadilishiwa mtoto hospitali. Mambo hayaishii kwenye kutazama. Biharusi wa sendofu sasa anataka lehenga, na mashangazi wanataka sari, rangi moja, wamejipanga kama kwenye picha.

Huku sari imepokewa vizuri kuliko mahali pengi, na sisi kama mafundi tunajua kwa nini. Wanawake wa Kihangaza na Kishubi, wenyeji wa Ngara, wana vazi lao la harusi, mshanana, kitambaa kinachopita kifuani na kufungwa begani kama wanavyovaa Rwanda na Burundi. Bega lilikuwa limeshazoea. Sari ilipokuja ikakaa hapohapo. Sari yenyewe haina kushonwa, ni mita tano na nusu za kitambaa, unajifunga. Kazi yetu ni blauzi na sketi ya ndani, na blauzi ndiyo inayompima fundi, maana ikikosea nusu inchi kwapani mtu hainui mkono siku nzima ya harusi. Migongo wazi hatushoni. Atakaye mgongo wazi tunamwekea kitambaa cha wavu na dua njema.

Kwa hiyo msije mkasema tunawachukia Wahindi. Riziki yetu inatoka kwao. Sari za bei nafuu tunazouza zinatoka Surat, na khanga nyingi mnazojifunga hapo mlipo zimepigwa chapa Jetpur, mji wa jimbo lilelile la Gujarat. Pesa ni neno lao, chapati ni neno lao, bangili ni neno lao. Sisi watu wa visiwani ndio kabisa, taarabu yetu imechukua tuni ngapi kutoka filamu za Kihindi? Tangu 2023 wametufungulia na chuo Unguja, IIT Madras, na mkurugenzi wake wa kwanza ni mwanamke, Profesa Preeti Aghalayam. Mwaka huohuo Rais Samia alikwenda India akapewa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Jawaharlal Nehru. Tunapendana, alhamdulillah.

Lakini ukipenda nguo ya mtu, tazama na kilichomo mfukoni.

Wateja wetu wakimwona mama mkwe wa kwenye tamthilia anamtesa mkaza mwana, wanasema ni roho mbaya. Anamsimanga, anamhesabia chakula, anamkumbusha kwao. Tamthilia nyingi zinaishia hapo, kwamba mwanamke huyu ni mbaya na yule ni mwema. Wachache dukani kwetu wanajua kuwa huko India nyuma ya masimango kama hayo mara nyingi pana hesabu ya mali, na mali yenyewe inatoka upande ambao sisi hatukuuzoea. Ni wazazi wa msichana wanaotoa. Wanatoa fedha, dhahabu, samani, pikipiki, gari, na vinakwenda kwa mume na kwao mume.

Asili yake haikuwa ubaya. Binti alipewa mali yake aende nayo, iwe ngao yake. Ikageuka polepole. Zawadi ikawa desturi, desturi ikawa matarajio, matarajio yakawa bei. Bwana harusi mwenye kazi ya serikali bei yake, daktari bei yake, mhandisi bei yake. Kinachotutia hofu ni hiki: si Wahindi wote walikuwa hivyo tangu mwanzo. Ziko jamii nyingi, hasa za kusini na za matabaka ya chini, ambazo mababu zao walikuwa wanatoa mahari kwa upande wa kikeni, kama wanavyofanya Wahangaza na Wasukuma. Katika karne ya 20 wakaanza kuwaiga wakubwa waliowaona wana heshima. Vizazi viwili vitatu tu, mto ukaanza kupanda mlima.

Serikali yao iliona. Mwaka 1961 ilipiga marufuku mali hiyo kwa sheria, anayetoa na anayepokea wote wana makosa. Watu wakaendelea, wakaiita zawadi. Mwaka 1986 ikabidi waweke kosa jengine kabisa la jinai: mwanamke akifa kwa kuungua au kwa jeraha ndani ya miaka saba ya ndoa yake, na ikithibitika alikuwa anasumbuliwa kwa ajili ya mali, mume na jamaa zake wanahesabiwa wamesababisha kifo hicho. Fikirini nchi inafikishwa wapi mpaka itunge sheria ya namna hiyo. Wengi walikuwa wanakufa jikoni, na majirani wanaambiwa jiko limelipuka. Mpaka leo takwimu za serikali yao wenyewe zinaandika vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka vya aina hii. Mwaka 2022 vilikuwa 6,450. Hivyo ni vilivyoandikishwa polisi.

Na nchi hiyo ilikuwa na waziri mkuu mwanamke, Indira Gandhi, tangu 1966, wakati nchi nyingi duniani hazijaota. Rais wao wa sasa, Droupadi Murmu, ni mwanamke. Tunasema hivi kwa sababu na sisi tuna rais mwanamke, tena wa kwetu visiwani, na baadhi yetu tumelala tukidhani mambo yote yameshanyooka. Ikulu ni mbali sana na jiko la mama mkwe.

Mzazi anayejua kila binti ni hasara anaanza kuhesabu tangu mimba. India imepiga marufuku tangu 1994 kupima jinsia ya mtoto tumboni, kwa sababu watu walikuwa wanapima, wakiona msichana wanatoa. Kwenye sensa ya 2011, kwa kila wavulana 1,000 wa chini ya miaka saba, wasichana hawakufika 920.

Najua, mtasema hayo ni ya Mabaniani. Hapana. Waislamu wa India nao wamo, wanaiita jahez, na wanazuoni wao wanapiga kelele kila mwaka bila ya kusikilizwa sana. Sisi ambao mwaka 2022 tulijaza mitandao kwa hasira ya hijabu za wanafunzi wa Karnataka, na haki tulikuwa nayo, hatukuwahi kuuliza hao wasichana wakimaliza skuli wanaozwa kwa nini na kwa ngapi. Surat Nisaa aya ya nne imeliweka jambo hili wazi, mahari ni ya mwanamke mwenyewe, anapewa yeye kwa radhi, si baba yake wala mume wake. Kuligeuza likawa baba ndiye anayelipa ni kuipindua aya. Na watu wanafunga, wanasali, na wameipindua.

Sasa turudi dukani, maana tuna letu la kukiri.

Mwaka juzi wakati wa mavuno ya kahawa alikuja mama mmoja kutoka upande wa Rulenge, Ngara, na binti yake. Sendofu ilikuwa baada ya wiki sita. Alitaka sari tisa za mashangazi na mama wadogo, na lehenga ya biharusi. Tulimwonyesha kwanza lehenga ya bei ndogo, kisha, kama wafanyabiashara tulivyo, mmoja wetu akafungua simu akamwonyesha ya juu. Binti macho yakamtoka. Mama akamtazama binti, akasema haya. Sari na blauzi zake shilingi 60,000 kila moja, lehenga 380,000, jumla 920,000. Akalipa 500,000, fedha ya kikoba. Iliyobaki ikaandikwa kwenye daftari.

Wakati tunampima, binti akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mshenga alikuja nyumbani akauliza biharusi anakuja na nini. Hakuna aliyedai kitu. Kaulizia tu. Lakini mama yake alilala na swali hilo, akaamka na orodha: kitanda cha sita kwa sita, godoro, sofa, jiko la gesi, televisheni, friji. Wakauza kipande cha shamba la migomba. Friji ilinunuliwa Kahama ikaja juu ya lori, imefungwa blangeti kama mgonjwa.

Sisi tulikuwa tunajua yote hayo tukiwa tunashona. Tulisema mashaallah, tukatia na shanga za ziada kwenye mkanda.

Miezi kumi baadaye yule binti alikuja Biharamulo peke yake, mjamzito, akatuomba tumfundishe kushona. Nyumba aliyoolewa ilikuwa bado haijafikiwa na umeme. Friji ilikuwa chumbani, anawekea nguo. Halafu mdogo wake mume akaoa, na yule mke mwenzake wa pale nyumbani alikuja na pikipiki, wazazi wake wamenunua ili kijana afanye bodaboda. Mama mkwe akawa na msemo wake kila wageni wakija, kwamba wengine huja na pikipiki na wengine huja na kabati linaloitwa friji. Mume hampigi. Hasemi lolote. Ananyamaza, anatoka.

Tulikaa kimya. Mmoja wetu akaenda nyuma kutengeneza chai, na haikuwa chai aliyoifuata.

Kabla hamjatujibu kwamba hayo ni ya mtu mmoja, tunaomba mtuamini kuwa tunapima wanawake kila siku, na mwanamke akipimwa hueleza yote. Zamani zawadi za sendofu zilikuwa zawadi, shangazi analeta masufuria, mama mdogo anaongeza mashuka. Sasa tunasikia neno orodha. Tunasikia kiumeni wanauliza televisheni ni inchi ngapi. Huko huko ng'ombe wa mahari bado wanatoka kiumeni kwenda kikeni, kwa hiyo familia zinatoana jasho pande zote mbili, na kijana na binti wanaanza maisha juu ya madeni mawili.

Na tusijifanye kwamba njia ya ng'ombe ndiyo pepo. Wako wanawake hapa wanapigwa, wakirudi kwao wanaambiwa ng'ombe wameshaliwa, rudi kwa mumeo. Tumewashonea na tumewaona mikono. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa haiwi batili kwa kuwa mahari haikulipwa, lakini nani aliyemsomea baba yao? Tofauti tunayoiona ni moja. Kwa njia ya ng'ombe binti akizaliwa Ngara baba anafurahi, hata kama ni furaha ya kuhesabu mikia. Kwa njia ile nyengine binti akizaliwa, baba anaanza kuweka akiba ya friji, na siku akishindwa kuweka ndipo anapotamani asingezaliwa. Ile sensa ya India haikuanza kwa watu wabaya. Ilianza kwa watu waliotaka harusi ya binti yao ipendeze.

Nyinyi mashoga wa visiwani, msicheke mkasema ndiyo bara hiyo. Kwetu mara nyingi mahari ndiyo inayonunua kitanda, kabati na seti ya vyombo, na ikipungua wazazi wanajazia, na kila mwaka inapungua zaidi kwa sababu vyombo vinapanda. Mara ngapi tumekwenda kutazama vyombo vya biharusi tukarudi tunahesabu? Umeona friji yao, milango miwili. Sisi wenyewe tumesema maneno hayo, kwenye boti ya kurudi Pemba, midomo imejaa halua ya watu. Mama wa biharusi anayefuata anasikia, na anaazima.

Hatuwaambii watu waache sari. Tutakula nini? Wala televisheni hatuizimi, bibi wa mtaani atatufungulia kesi. Tunachokitaka ni kwamba tukiiga tujue tunaiga nini. Nguo si tatizo. Chukua rangi, chukua hina, chukua biriani, chukua na ile ngoma ya kuzungusha mikono mkiweza. Ila mshenga akiuliza biharusi anakuja na nini, ajibiwe anakuja na yeye mwenyewe na akili zake, basi. Mkubwa wa ukoo alijibu hivyo mbele ya wazee, jambo linakufa siku hiyohiyo. Akinyamaza, mama wa binti usiku anaandika orodha. Na zawadi ya mzazi kwa mtoto wake, kama anayo, iandikwe jina la binti mbele ya mashahidi. Cherehani, ng'ombe wa maziwa, kiwanja hata kidogo. Kitu ambacho akiachika anaondoka nacho na kinamlisha. Friji haijamlisha mtu.

Sisi kwa upande wetu tumeacha kuonyesha picha za bei ya juu kabla hatujaulizwa. Mkopo wa nguo za sendofu tumeupunguza, zaidi ya laki mbili hatuandiki kwenye daftari hata aje nani. Biashara imeshuka kidogo, hatutadanganya, na mume wa mmoja wetu, ambaye ni kaka wa mwengine, ameshauliza mara mbili. Lile deni la mama wa Rulenge alilipa laki moja na nusu kwa vipande vipande, na mkungu wa ndizi. Iliyobaki tuliifuta Ramadhani iliyopita, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa dhambi yetu.

Binti yuko nasi. Kajifungua salama, mtoto wa kike, analala kwenye kapu la vitambaa chini ya meza ya kukatia. Blauzi za sari sasa anashona yeye, na kwapa lake ni safi kuliko letu.

Jumamosi iliyopita alikuja mteja kutoka Nyakahura, anataka sari kumi na mbili kwa sendofu ya binti yake. Yule binti ndiye aliyekuwa anampima. Katikati ya kumzungushia futi akamuuliza taratibu, "Mama, na friji mmeshanunua?" Mteja akashtuka, amejuaje. Wakakaa kwenye benchi wakazungumza karibu saa nzima, sisi tukahudumia wengine. Mwisho aliagiza sari sita. Friji alisema atakwenda kuzungumza na baba mtoto.